Nadhira Keshaandikwa

Kazija alikwenda kituo cha afya kuchukua pampu ya pumu ya mwanawe, basi. Kutoka kwake, kijiji kimoja nyuma ya Kengeja, ni mwendo wa dakika kumi. Nadhira, mtoto wa miaka saba, alimwachia mjomba wake Haroub. Mtoto alikuwa kitandani anavuta pumzi kwa tabu, kifua kinalia fiii... fiii... Pampu ya nyumbani ilikuwa imekwisha tangu adhuhuri.

Saa ya ukutani pale kituoni ilisoma kumi na mbili na robo. Alikuwemo muuguzi mmoja tu, Suzana, binti wa bara. Si mbaya wa tabia, ila tangu iletwe ile kompyuta, Mungu atuepushe nayo, macho yake hayabanduki kwenye kioo. Zamani ukifika pale ulitazamwa uso. Siku hizi unaulizwa namba.

Suzana akaandika namba. Akakunja uso. Akaandika tena.

"Bi Kazija," akasema kwa sauti ndogo, "pole sana."

"Pole ya nini?"

"Kwani Nadhira... amefariki leo?"

"Astaghfirullah! Ntoto nimemwacha kitandani sasa hivi, yu hai!"

Suzana akamgeuzia kioo. Kazija si msomaji sana, lakini hayo aliyasoma. Nadhira. Marehemu. Leo, saa kumi na mbili na nusu jioni.

Akainua macho kwenye saa ya ukutani.

Hiyo nusu ilikuwa bado haijafika.

"Nani kaandika?" akanong'ona.

Suzana akatafuta, akaona jina. Mzee Pandu. Ndiye aliyetunza madaftari ya kituo miaka thelathini. Siku walipoyachoma, baada ya kuingiza kila kitu kwenye mashine, mzee alisimama uani akalia kama aliyefiwa. "Mnachoma watu nyie," alisema. Wapo waliosema kwamba alikuwa na chama chake cha usiku, cha wachawi. Mwaka jana alizikwa.

"Basi nipe pampu," Kazija akasema. "Zile pale naziona kabatini."

"Siwezi, Bi Kazija. Mfumo umemfunga. Dawa haitoki kwa jina la marehemu."

"Itoe kwa mkono! Huna mkono?"

"Nitaulizwa mimi."

Hapo damu ya Kazija ikachemka. Dawa iko hatua mbili, mtoto anakata roho, na mtu mzima na akili zake anangoja ruhusa ya mashine! Akaokota jiwe la kuzuilia mlango, akapiga kioo cha kabati, akanyakua pampu moja, akatimua mbio mkono unavuja damu.

Alimkuta Nadhira midomo imepiga weusi. Akamvutisha dawa mara moja, mara mbili, mara nne. Kifua kikalegea. Simu ya Haroub ikasoma kumi na mbili na nusu... na dakika moja... na mbili. Mtoto anapumua!

"Alhamdulillahi!" Kazija akalia kwa furaha. "Nimeishinda!"

Mara spika ya msikiti ikakoroma.

Inna lillahi... Likatangazwa jina la Nadhira, binti wa Bi Kazija. Kumbe ujumbe ulishaingia wenyewe kwenye simu ya sheha wa kijiji, ya imamu, na za vijana wa kuchimba kaburi. Wote waliuamini. Hata mmoja hakupiga hodi kuuliza. Baada ya Magharibi wakafika na jeneza, sheha mbele.

Kazija akamtoa mtoto mlangoni. "Haya, mwoneni! Mtazameni!"

Wakamtazama. Kisha sheha akaitazama simu yake.

"Kaburi lishachimbwa, Bi Kazija," akasema. "Na kaburi halilali wazi, unajua mwenyewe. Litatafuta wa kulala ndani."

Desturi ilikuwepo, ya tangu wazee wa wazee. Likakatwa gogo la mgomba urefu wa mtoto, likaviringwa sanda, likabebwa kwenda kuzikwa ili kaburi lifunge mdomo. Kazija akakubali. Laiti angekataa! Haroub akaenda nao. Kazija akabaki ndani na mwanawe kifuani, maana wanawake hawendi makaburini.

Haroub alirudi peke yake. Akasimama kizingitini, udongo mikononi, hataki kuingia.

"Kaka, mmemaliza?"

"Tumefukia. Kazija... lile gogo lilikuwa likikohoa."

"Wee Haroub!"

"Wallahi! Nikawaambia tusimame. Sheha kaangalia simu, imeandika keshazikwa. Wakaendelea kufukia."

Kazija akainama kumsikiliza mwanawe. Kifua kilikuwa kimya. Si kimya cha mtoto aliyepona. Hakikupanda, hakikushuka. Ngozi ya mgongo ilikuwa baridi, ina majimaji, na alipoutoa mkono wake ulinata.

Utomvu.

Chumba kizima kilinuka mgomba mbichi.

"Mama," kile kitu kikasema kwa sauti ya Nadhira. "Usende."

Kazija akakitupa kitandani, akashika jembe, akatoka mbio. Haroub alibaki pale mlangoni. Makaburini wale wanaume walikuwa bado wamesimama, nyuso zinamulikwa na simu. Hakuwasalimu. Akalikimbilia kaburi jipya na kuanza kuchimba.

Sheha akaudaka mpini.

"Rudi kwako, Bi Kazija," akanong'ona kwa upole. "Wamerekebisha. Tazama hapa. Nadhira yu hai, yuko nyumbani."

Chini ya udongo sauti ikaita. Ndogo, imezibwa.

"Mama..."

Waliisikia wote. Kazija aliwaona walivyoshtuka, na aliwaona walivyoinama tena kwenye simu zao.

Kisha nyuma yake, njiani, zikaja hatua za miguu mitupu. Chap... chap... chap... Mkono mdogo wa baridi ukamshika kidole.

"Si huyo kaja kukuchukua?" sheha akasema, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi."

Wakamnyang'anya Kazija jembe.