Shangazi Alipopiga Hodi Nyumbani Kwake

Jumamosi ile ilianza kwa vicheko. Shangazi yangu, fundi cherehani, alikuwa anahamia nyumba yake. Yake kabisa, si ya kupanga. Tangu aachike alikuwa anakaa kwa watu, mara kwa dada yake, mara kwa kaka yake mkubwa, na kote huko alikuwa mgeni. Alioga wenyewe wakishaoga. Alicheka wenyewe wakicheka. Wifi yake alikuwa na tabia ya kumuuliza mbele za watu, kwa sauti tamu kabisa, "Kwani wifi, unakaa siku ngapi?"

"Usisahau begi," aliniambia asubuhi, kama vile ningeweza kulisahau. Alikuwa analipanga tangu mwezi uliopita. Lilikuwa begi la siku za mwanzo: sufuria ndogo, vikombe viwili, sukari na majani ya chai, chumvi, sabuni, kiberiti, mishumaa, balbu, shuka, nyundo na misumari. Kabati na meza vingefuata baadaye. "Mtu akiwa na chai, sabuni na cha kujifunika," alisema, "huyo kashahamia."

Tulipofika, dereva wa pikapu akaanza kushusha godoro na cherehani. Shangazi alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, uso umechangamka kama bibi harusi. Akaugonga mlango wake mwenyewe kwa utani.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

"Karibuni," sauti ikajibu.

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya upole, na ilitoka chumba cha nyuma. Dereva hata hakugeuka. "Kumbe mna mwenyeji," alisema. "Mwambieni aje atupokee mizigo."

Tuliingia tukakagua chumba kwa chumba. Nyumba ilikuwa tupu, inanuka rangi mbichi, madirisha yote yamefungwa kwa ndani. Shangazi akasema ni mwangwi. Mwangwi gani unaojibu karibuni? Nililimeza swali hilo, maana siku ya mtu ya furaha haiharibiwi ovyo. Dereva akamaliza kazi, akaondoka.

Tukaanza kupanga. Niliweka sabuni bafuni, sufuria na vikombe jikoni. Shangazi akatandika shuka juu ya godoro. Tuliporudi sebuleni, begi lilikuwa limesimama karibu na mlango. Limejaa. Zipu imefungwa.

Nililifungua. Sabuni ilikuwemo. Sufuria ilikuwemo, na vikombe ndani yake. Shuka ilikuwa juu kabisa, imekunjwa vizuri kuliko mimi ninavyoweza kukunja.

"Umevirudisha wewe?" Shangazi aliuliza.

"Mimi? Si tulikuwa wote!"

Akavitoa tena, kimoja kimoja, huku anasonya. Tukavirudisha mahali pake. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa. Tulikuwa na kiti kimoja tu cha plastiki, nilikiacha nje barazani. Sasa kilikuwa katikati ya sebule, kimepanguswa vumbi, kimemwelekea Shangazi.

"Keti," sauti ikasema. "Pole na safari."

Sikuona mtu. Mwanga wa jua la mchana ulijaa chumba kizima na hapakuwa na mtu.

"Utakaa siku ngapi?"

Nilimshika Shangazi mkono nikamvuta. "Twende," nilinong'ona. "Shangazi, twende tafadhali."

Hakusogea. Nilimtazama usoni, na naapa hakuwa na hofu. Alikuwa na hasira, ile hasira ya miaka yote aliyokula akihesabiwa matonge.

"Nyumba za watu nimezitoka nyingi," alininong'oneza. "Hii sitoki. Ni yangu." Akafikiri kidogo. "Kosa ni langu. Nilipiga hodi kwangu, na hili lidude likanikaribisha. Sasa mimi ndiye mgeni, lenyewe ndilo mwenyeji."

"Sasa?"

"Sasa mgeni anaaga."

Akakusanya vitu vyote, akavitia begini, akafunga zipu. Akasimama wima, akazungumza kwa adabu ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Mwenyeji wangu, tumeshukuru. Sisi tunaondoka. Hutusindikizi?"

Begi likainuka.

Liliinuka lenyewe hadi usawa wa goti, mkanda umekaza, likaning'inia kama linalobebwa na mtu mrefu. Shangazi akanifinya. Tukatoka. Begi likafuata. Nyuma yetu nilisikia ndara zikikokotwa kwenye kokoto, taratibu, bila haraka, kama mwenyeji anayejua mgeni wake hawezi kupotea njia.

Tukapita geti. Tukafika barabarani. Mwanamke mmoja akapita na ndoo yake, akatusalimia, kisha akasalimia pembeni yetu pia. "Shikamoo, mzee." Akaenda zake.

Shangazi akajipiga kwenye paji la uso.

"Jamani! Nimesahau kitu ndani. Nisubiri hapa hapa, mwenyeji wangu. Nishikie begi."

Begi likatulia hewani.

Tukarudi. Alinikataza kukimbia. Tulitembea. Geti. Kokoto. Baraza. Tulipovuka tu kizingiti, Shangazi akaubamiza mlango, akazungusha ufunguo, akasukuma komeo la juu na la chini. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, akaanza kucheka hadi machozi yakamtoka.

Jua lilikuwa linazama lile dude lilipochoka kusubiri. Tulisikia ndara kwenye kokoto. Zikasimama barazani.

"Hodi."

Mdomo una mazoea yake. "Kari..." Kiganja cha Shangazi kikaniziba hapo hapo, kikali, kinanuka sabuni.

"Hodi, wenyewe."

Shangazi akainuka. Akauweka mdomo wake karibu na tundu la ufunguo.

"Mwenyewe nipo," alisema. "Na sikukaribishi."

Tulilala juu ya godoro tupu bila shuka, bila chai, bila hata kijiti cha kiberiti. Shangazi alikoroma usiku kucha. Miaka yote niliyomjua, hakuwahi kukoroma kwa watu.

Begi hatukuliona tena. Mlango wa nyumba ile tumejifunza kuufungua kimya kimya: tunachungulia kwanza, tunamwona mtu, tunamshika mkono na kumwingiza. Neno la kukaribisha halisemwi pale, hata kwa padri, hata kwa shehe.

Ila ukutani barazani, pembeni ya mlango, pana alama. Ni weusi wa mafuta, usawa wa bega, kama pale mtu anapoegemea akingoja kufunguliwa. Kila mwaka Shangazi hupaka rangi, na kila mwaka alama hurudi. Juzi nilimtembelea nikakuta alama zimekuwa mbili. Hiyo ya pili iko chini, hainifikii kiunoni.

Nilimwonyesha. Aliitazama, akapandisha mikono ya gauni lake.

"Yaani limeleta na mtoto," alisema. "Nipe brashi."