Mashine ya Majina

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na mtu mwingine angelipita bila kuliona. Kivinjari cha kompyuta ya mapokezi, ambacho kikishindwa kuifikia tovuti huandika kwamba anwani haikupatikana, siku hiyo kilikuwa kimeandika: *Jina hili silijui.*

"Silijui?" Fundi aliinama karibu na kioo. "Nani halijui?"

"Ndiyo maana nikakuita," dada wa mapokezi alisema. "Tangu asubuhi majibu ya wagonjwa hayaendi. Hospitali zimepiga simu mpaka sikio linaniuma."

Ilikuwa maabara ya vipimo vya damu, vyumba sita juu ya duka la vifaa vya umeme. Aliyeianzisha ni mume wa Fundi, aliyefariki mwaka uliopita kwa maradhi ambayo maabara yake mwenyewe haikuweza kuyasoma. Walimpima damu mara tisa, na mara zote tisa ikaonekana safi, huku mwenyewe akiyeyuka kitandani kama sabuni.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi mdogo wake alipokalia kiti cha ukurugenzi. Alianza na kibao cha mlangoni, akaja kwenye karatasi za majibu, na jana jioni akafika kwenye anwani ya tovuti. Kila palipokuwa na jina la kaka yake aliweka lake. Mtu wa kuibadilisha tovuti alikuwa mmoja tu, Fundi, yaani mjane mwenyewe. Alikuwa na binti wa miaka saba wa kulea, hivyo hakubisha. Alilifuta jina la mumewe herufi moja moja, akaandika la shemeji yake, halafu akaenda msalani akafungulia bomba ili watu wasisikie.

Sasa alianza na hatua za kawaida. Alihakikisha jina jipya halina herufi iliyokosewa. Alifuta kumbukumbu ya kivinjari, akajaribu kivinjari kingine, akazima ruta, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. *Jina hili silijui.* Akatoa simu yake na kutumia mtandao wa simu badala ya ule wa ofisini. Tovuti ikafunguka papo hapo.

Dunia nzima ililijua jina jipya, isipokuwa nyumba hii.

Hapo akajua pa kwenda. Kompyuta husafiri kwa namba, si kwa majina. Ukiandika jina, kuna mashine inayoulizwa jina hilo linakaa wapi, nayo hujibu kwa namba, kama mtu anavyomwelekeza mgeni nyumba. Pale ofisini mashine hiyo ilikuwa kisanduku cheusi ndani ya kabati la nyaya, nyuma ya friji za sampuli. Mumewe ndiye aliyekifunga.

Ilikuwa saa saba mchana na wenzake walikuwa wameshuka kwenda kula. Alipofungua kabati, pua iliyatangulia macho. Chumba kile siku zote kilinuka spiriti, lakini humo kabatini mlitoka harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Akakitazama kisanduku. Kilikuwa kimezima. Waya wake wa umeme ulikuwa umechomolewa na kuning'inia, umeshika vumbi.

Hata hivyo kuna kitu kilikuwa kinajibu. Akasimama kimya, akasikia nyuma ya mngurumo wa friji sauti nyingine ndogo, kavu, kama ya karani mzee anayesoma orodha kwa kunong'ona, jina, kisha kituo, jina, kisha kituo, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyotambua kuwa ni majina ya wagonjwa waliopita hapo wakaacha damu zao, na kwamba mnong'ono ule haukutoka ukutani wala sakafuni bali kwenye ile plagi iliyoning'inia, karibu kabisa na goti lake.

Angeweza kukimbia. Lakini alikuwa fundi, na mkono wake ulishazoea kumaliza kazi kabla moyo haujashauriwa. Akachomeka kompyuta yake ya mkononi kwenye waya wa mtandao, akauliza jina jipya. *Silijui.* Kisha, bila kukusudia, vidole vyake vikaandika jina vililolizoea kwa miaka kumi na moja, jina la mumewe.

Jibu lilikuja hata kabla hajabonyeza.

*Hili nilipewa. Wa kwanza nimemmaliza. Sasa linakaa wapi?*

Fundi alifunga kompyuta kwa mikono miwili, kama mtu anayefunika chungu kinachochemka. Picha iliyomjia kichwani ilikuwa ya binti yake, daftari zake, na jina lililoandikwa juu ya jalada. Akaisukuma mbali kwa nguvu, maana alihisi kuna kitu kinachungulia humo humo kichwani.

Shemeji yake alikuwa ofisini, mlango wazi. Harufu ya udongo ilimfikia kabla Fundi hajasema neno. Akaweka kalamu chini.

"Umeandika jina gani?"

"La kaka yako."

Hakuuliza ni nini kimetokea. Alikaa tu, rangi ikimtoka usoni, na kwa sababu hakuuliza, Fundi akaelewa kwamba anajua.

Saa kumi mama mkwe akafika, amefuatana na mganga. Mganga alikuwa mtu mwembamba, shati lake limepigwa pasi vizuri, mwenye uchovu wa mtu aliyeitwa kurekebisha kazi aliyoonya watu wasiiharibu. Walijifungia ofisini, wanne.

"Nilikupa masharti," mganga alimwambia shemeji kwa sauti ya chini. "Ulitaka upate mahali pa kaka yako. Ulitoa jina lake, jini akapewa. Nikakwambia jina hilo lisiguswe, libaki mlangoni, ndicho kitanda chake. Wewe ukalitoa, ukaweka lako."

Fundi aligeuka kumtazama mama mkwe. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua baadaye," mama alisema. "Mmoja alishaondoka. Ningefanya nini, nimfukuze na wa pili?"

"Anaweza kutolewa?" shemeji aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Huyu hatolewi. Ataondoka akishiba," mganga akajibu. "Jini hana macho ya kumwona mtu. Anatafuta jina na mahali linapokaa. Lirudisheni la zamani, atatulia. Mkiliacha hili jipya, atajifunza kulisoma."

Wote wakamgeukia Fundi.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, akimshika mkono. "Ni kuandika tu. Unaketi, unaandika, imekwisha. Usiache nimzike na huyu."

"Mume wangu yuko chini, mama. Jina lake likirudi, jini ataulizia linakaa wapi. Sasa hivi linakaa wapi?"

Akamtazama mama mkwe machoni.

"Mjukuu wako, jina lake la pili ni lipi?"

Shemeji akaangalia dirishani. Mama mkwe aliuachia mkono wa Fundi taratibu, na katika utaratibu ule Fundi akasoma kila kitu.

"Kumbe mlishalifikiria," akasema.

"Mtoto mdogo hana uzito," mama alinong'ona. "Pengine jini asingemwona."

Fundi aliokota mkoba wake, akatoka. Hakuandika kitu. Siku zote baadaye watu walipomuuliza alifanya nini, hilo ndilo alilokuwa nalo la kujibu, na halikumpunguzia uzito hata kidogo.

Siku ya tatu, saa saba mchana, mapokezi yakiwa yamejaa wagonjwa, shemeji yake alikuja akakaa kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi. Watu waliokuwa kwenye foleni walisema alikuwa akisoma, midomo inacheza. Walimngoja amalize. Walimngoja karibu nusu saa kabla mwanamke mmoja hajamgusa bega. Damu aliyotolewa ili kujua sababu ya kifo ilionekana safi. Mbele yake tovuti ilikuwa imefunguka vizuri, na majibu yote yaliyokwama yalikuwa yamekwenda.

Mazikoni Fundi alikwenda, kwa sababu asingekwenda ingesemwa. Alipoinama kumpa mama mkwe pole, mama alimvuta karibu kama anayemkumbatia, mdomo ukagusa sikio lake.

"Wamekwisha wote wawili," alisema polepole. "Lakini mganga bado yupo. Na mimi jina la mjukuu wangu nalijua lote."

Wiki iliyofuata Fundi alihama mtaa, kisha akahama mji. Alimpeleka binti shule mpya, akaketi mbele ya karani wa uandikishaji, mwanamke mpole mwenye miwani, vidole tayari juu ya kibodi.

"Jina la mtoto?"

Akataja moja, ambalo mtoto alikuwa amefundishwa njia nzima ndani ya basi.

"La baba?"

Binti aliinua uso, akafungua mdomo ajibu, maana hilo alilijua vizuri na alikuwa akilipenda. Mama yake akamfunika mdomo kwa kiganja.

"Hana," Fundi alisema. "Acha wazi."