Upepo Nyumbani kwa Nahodha Marinisse

Jumapili mchana, madirisha yote yakiwa yamefungwa, mapazia ya Nahodha Lieven Marinisse yalifura kama matanga. Mkewe, Tanneke, akatua sahani ya samaki.

"Upepo huu unatoka wapi?"

"Kula, mke wangu," alisema Lieven bila kuinua macho.

Bandari nzima ya Vlissingen ilikuwa ikimsifu. Vitani manowari yake ilikaa joshini, upepo mgongoni, Waingereza wakiwa chini ya upepo, hadi wakakimbia. Watu walisema ni mbinu. Lieven alijua upepo uligeuka wenyewe alfajiri ile, ukampa nafasi ambayo hakuitafuta. Alijua na jambo jingine. Kombora moja la kubahatisha lilivunja mlingoti wa rafiki yake, Nahodha Blok, na meli nne zikamzingira. Blok akapandisha bendera ya kuomba msaada. Lieven aliiona, asiende, na Blok akazama. Mbele ya wakuu aliapa kwamba upepo ulikuwa umekufa.

Siku ya tatu tangu Jumapili ile nyumba ilinuka baruti. Siku ya tano Tanneke alikuwa akikanda unga, akasikia nyuma yake pumzi nzito ya mtu aliyejaa maji kifuani, ikisogea, ikisogea, hadi ubaridi wake ukamgusa shingoni na sauti ikamwambia taratibu, "Mwulize kama upepo haukuwepo."

Alimkimbilia mumewe, mikono ingali na unga.

"Lieven, ni Blok," alinong'ona. "Umemfanya nini?"

Alishindwa kumtazama. "Upepo ulikuwepo. Niliogopa."

"Basi mwambie mjane wake. Blok asipoondoka humu, naondoka mimi."

Neeltje Blok akaitwa saa ileile. Alipovuka kizingiti tu, upepo ukavuma humo ndani, ukaangusha vikombe, ukazima moto wa jikoni, kisha ukamfikia yeye ukawa mpole, ukamzungushia shali yake mabegani kama mkono wa mtu, na Lieven, alipoona hivyo, akapiga magoti akayatapika yote kwa mkupuo mmoja: bendera, hofu, kiapo cha uongo.

Kukawa shwari.

"Ameondoka," Tanneke alihema.

Neeltje alikuwa bado ameshika pindo la shali. "Alikuwa yeye?"

"Alikuwa yeye, dada."

Mjane akamgeukia Lieven pale sakafuni, uso wa Lieven ukiwaka kwa aibu.

"Ungeningoja kidogo, Nahodha, nikae naye," alisema. "Kunyamaza si unajua?"