Kilio Ndani ya Kidude

Saa sita mchana fundi cherehani alikuwa anapinda sketi za shule, pale kidude cha kumsikilizia mwanawe mchanga aliyelala chumbani kilipokoroma mezani, kisha kikasema taratibu, "Nyamaza, baba, nyamaza."

Akatabasamu. Mama mkwe wake haishi wema. Hata kidude chenyewe alikinunua yeye, ili mke wa mwanawe ashone bila kukimbilia chumbani kila mara.

Mama mkwe akatokea jikoni, mikono imejaa povu. "Nani yuko na Kipipi?"

Chumbani hamkuwa na mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua.

"Ni mawimbi ya redio tu, dada," fundi redio wa jirani akawacheka. "Yanapenya ukuta kama harufu ya vitunguu. Mmenasa nyumba ya watu."

Lakini kesho yake sauti ilimwita Kipipi, jina la humo ndani tu. Na Kipipi, mlafi wa kunyonya, akawa analiacha ziwa na kuuchekea ukuta.

"Tuyazibe hayo mawimbi," mama mkwe akanong'ona.

Wakabandika foili ya kuokea kuta zote, dari, dirisha, hata tundu la ufunguo. Kidude kikanyamaza, wakakitoa na betri kabisa.

"Chumba kama kuku wa kuokwa," mama mkwe akatania. Wakacheka, wakamlaza mtoto, wakafunga mlango.

Hawakufika sebuleni. Sauti sasa ilitoka chumbani kwenyewe. "Mmenifungia. Nilikuwa naja na kuondoka. Sasa nipite wapi?"

Wakausukuma mlango usio na hata komeo, wakausukuma kwa mabega na magoti, huku mtoto akilia ndani na foili ikichakarika ukuta hadi ukuta kama kitu kinachotafuta upenyo, mpaka mama mkwe akazunguka nje, akavunja kioo cha dirisha kwa mchi, akaingiza mkono uliokuwa ukivuja damu, akaichana foili, na upepo wenye harufu ya nywele zilizoungua ukampita usoni ukaenda zake.

Mlango ukafunguka wenyewe. Kipipi ametulia kimya.

"Limekwenda, mwanangu," mama mkwe akalia kwa furaha. "Mpe ziwa."

Hakulitaka.

Ndipo mezani, kidude kisicho na betri kikakoroma. Humo, mbali sana, mtoto alikuwa analia kwa njaa.

Kifua cha mama kikakitambua kilio kile kabla ya akili. Maziwa yakatiririka, yakalowesha blauzi, yakamdondokea huyu aliyempakata. Naye akayafuta shavuni kwa kiganja, polepole, kama mtu mzima anavyofuta mvua.