Upande wa Mchezaji wa Pili

Vitufe vya upande wa kulia vilikuwa na joto.

Randa aliligundua hilo kwa bahati tu, aliporudi kutoka karakana na kuegemeza kiganja juu ya kabati lake la michezo ya video, kama mtu anavyomshika rafiki begani. Upande wa kushoto kulikuwa na baridi ya plastiki. Upande wa kulia, wa mchezaji wa pili, vitufe vyote sita vilikuwa na joto la vidole, joto la mtu aliyeondoka sasa hivi. Hapo angeweza kucheka akaenda kunawa, ila vitufe vile vilikuwa havijaunganishwa na kitu chochote. Kabati lilikuwa tupu, halina televisheni wala waya hata mmoja.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, ingawa kumwambia seremala huyu kwamba amekosea ni kumpigia mbuzi gitaa. Mtu mwenye akili zake hutafuta televisheni kwanza, akaipima, ndipo akakata mbao. Randa alianza na mbao kwa sababu mbao ndizo anazozijua. Akapasua plaiwudi, akaunga kwa gundi na skrubu, akapiga randa mpaka kingo zikawa laini kama sabuni. Likatoka kabati refu kama mtu mzima, lenye mlango mdogo nyuma na tundu kubwa mbele, pale penye uso. Akalisimamisha sebuleni. Mdogo wake, fundi umeme ambaye kila mtu alimwita Waya, ndiye aliyeahidi kuleta televisheni kuukuu na kompyuta ndogo ya kuendeshea michezo. Ahadi za Waya zinajulikana. Miezi ikapita, kabati likakaa linawakodolea macho kwa tundu lile.

Alikuwa anamjengea mkewe. Walikutana ujanani kwenye ukumbi wa michezo, bega kwa bega mbele ya mashine kama hiyo, binti akamfunga mara nyingi hadi watu wakamzomea, na Randa akapenda hapo hapo, mzimamzima. Sasa nyumba ilikuwa imepoa. Mke alikuwa na cherehani yake, mume na vumbi lake la mbao, na mezani waliongea habari za chumvi na bomba linalovuja. Randa aliogopa kumpoteza mke huyu, tena aliogopa sana, ila kwa kuwa hakujua kulisema hilo kwa mdomo, alilisema kwa msumeno.

"Bibie, nani kacheza hapa?" aliuliza.

"Acheze nini? Sanduku?" Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye pindo la gauni. "Mwenzangu, njaa inakusumbua."

Siku chache baadaye, akiwa bado barabarani, alisikia kicheko cha Waya kikitoka dirishani kwake. Hakuna kicheko kingine kama kile, hukatikakatika kama pikipiki inayoishiwa mafuta. Randa akaongeza mwendo. Alipoingia alimkuta mkewe peke yake, uzi mdomoni.

"Waya amekuja?"

"Hajaja." Akautoa uzi. "Na wewe leo mchana ulirudi kufanya nini?"

"Mimi? Sijarudi mchana."

Mkewe akaukata uzi kwa meno. Kila mmoja aliweka la kwake moyoni, na jambo likiwekwa moyoni halikai kimya, huchimba.

Tangu hapo sebule ikaanza kunuka uvundo wa nguo zilizokunjwa mbichi. Mke alifua mapazia, mume akasugua sakafu, na kila mmoja alisugua akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho.

Ndipo siku moja Randa alifunga karakana mapema, patasi ikiwa bado mkononi, akapitia mlango wa nyuma akinyata kama mwizi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alisikia vitufe vikibonyezwa ta-ta, ta-ta, haraka haraka, akasikia kicheko cha pikipiki, na chini ya kicheko hicho akasikia sauti ya mkewe ikicheka taratibu, kicheko cha zamani, kile cha ukumbini, ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka na ambacho alikuwa amejenga kabati zima ili akisikie tena, na sasa kilikuwa kinapewa mtu mwingine, na mtu huyo ni damu yake. Akausukuma mlango kwa bega.

Hapakuwa na mtu. Kijiti cha kuongozea cha upande wa kulia ndicho kilichokuwa kinayumba, kikirudi katikati polepole, kama kilichoachiwa wakati huo huo.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mkewe aliingia na mfuko wa nguo za wateja, akahema, akaiona patasi.

"Yuko wapi?" Randa aliuliza.

"Yuko wapi yeye?" mkewe aliuliza papo hapo. Kisha akashusha sauti. "Nimemsikia tangu getini. Mwanamke. Anacheka na wewe. Si leo tu."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakaligeukia kabati.

Mganga aliyeitwa alikuwa bibi mfupi mwenye maneno machache. Aliingiza kichwa katika mlango wa nyuma wa kabati, akakitoa upesi, akafuta pua.

"Televisheni iko wapi?"

"Bado haijapatikana, bibi," Randa alisema kwa aibu.

"Kumbe. Mmejenga nyumba, mkaiwekea mlango na dirisha, mkaiacha tupu miezi. Nyumba tupu haikosi mpangaji, wanangu. Mmepata jini."

"Anataka nini?" mke alinong'ona.

"Wengine hutaka ubani, wengine damu. Huyu anakula shaka. Na hapa kwenu ameshiba mpaka anacheua." Bibi alichukua mkoba wake. "Kesho mtalivunja nyinyi wawili, kwa mikono minne. Miwili itamtoa sandukuni tu, haitamfukuza, sikilizeni vizuri. Na kabla ya pigo la kwanza, kila mmoja amwambie mwenzake alichomshuku."

Jioni ile walikaa mezani mpaka chakula kikapoa. "Anza wewe," alisema mume. "Wewe kwanza," alisema mke. Wakaenda kulala hivyo hivyo, kila mtu na ukuta wake.

Asubuhi Randa alikwenda karakana kuchukua nyundo mbili na mtaimbo. Aliporudi, mkewe alikuwa amesimama kando ya kabati, nywele amezichana vizuri, anatabasamu.

"Nisamehe, mume wangu," alianza kabla hajaulizwa. "Nilidhani una mwanamke."

Kifua cha Randa kikafunguka. Alilia bila haya, akamweleza yote, kicheko, Waya, patasi, na namna alivyokuwa akichunguza harufu mwilini mwa mke wake mwenyewe.

"Shemeji?" Mkewe alicheka kile kicheko cha ukumbini. "Yule asiyeweza hata kuvaa soksi zinazofanana?"

Randa akacheka naye, akamnyooshea nyundo ndogo.

"Iweke tu hapo. Sindano imenichoma kidole. Wewe piga, mimi nakuonyesha. Hapo, upande wa kulia. Piga kwa nguvu."

Alipiga. Alipiga kwa furaha, akapasua kazi ya mikono yake mbao kwa mbao, vitufe vikaruka na kubingirika chini ya makochi, na mkewe nyuma yake akimwambia hapo, na hapo, na hapo tena, hadi kabati likawa rundo la vipande na ule uvundo ukatoweka kabisa. Sebule ikanukia mbao mpya. Mkewe alivuta pumzi ndefu, kama aliyevua kiatu kinachombana, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Simu ikaita. Alikuwa Waya.

"Kaka, usikasirike. Shemeji yuko hapa kwetu na mke wangu tangu ulipotoka asubuhi. Alishindwa kubaki peke yake na lile dude. Ngoja nikupe."

"Mume wangu." Ilikuwa sauti ya mkewe, imekauka kwa kulia. "Jana nilishindwa kusema. Nilikuwa nakushuku, nimeona aibu. Nisubiri, nakuja tulivunje pamoja. Usiliguse bila mimi."

Randa alilitazama rundo la mbao. Alitaka kujibu, ila masikio yake yalikuwa jikoni, ambako sufuria iliwekwa mezani, na kikombe kikawekwa, na kikombe cha pili kikawekwa, na mtu fulani akawa anatembea kwa hatua anazozijua tangu ujana wake, akiimba puani, bila haraka, kama mwenye nyumba.

"Unanisikia?" mkewe aliuliza simuni.

Sauti ya jikoni ikapazwa, tamu, kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, sauti ya mkewe, ambayo mwenyewe hasa hawezi kuitambua akiisikia kwa simu, kwani hakuna aijuaye sauti yake ikitoka nje.

"Mpenzi, nikuwekee sukari vijiko vingapi?"

Randa alisikia mkewe akivuta pumzi mara moja.

"Huyo ni nani?"

Akatafuta jibu lingine lolote, akalikosa, akabaki na la kweli.

"Ni wewe," alisema.

Laini ikakatika. Alipiga, ikakataa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Jikoni kijiko kilikoroga taratibu, kikagota ukingo wa kikombe, kikatulia.

"Amekata?" ikauliza sauti.