Sauti ya Mama Kwenye Ukurasa Mweusi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, mnitegulie kitendawili hiki: nimeweka kisanduku nje ya nyumba ili wapita njia wanitilie zawadi. Zawadi moja ikaingia, ikainuka yenyewe, ikakalia kiti changu na kuanza kuniamuru. Ni nini? Msijibu haraka. Sikilizeni kwanza habari za Deborah wa Kikula, hapa kwetu Likasi.

Deborah alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila alipotoka shule alivua sare, akachota maji, akawasha mbabula, jiko letu la makaa, na kusonga bukari, ugali wa huku kwetu, kwa sababu mama yake, Mama Providence, alikuwa amefariki, na baba yake, Kazadi, alirudi jioni kutoka machimboni akiwa mwekundu kwa vumbi. Mdogo wake Jaël, wa miaka sita, alikaa karibu naye akipepea makaa. Jumamosi tu ndiyo ilikuwa siku ya Deborah mwenyewe. Alikwenda kwa Georges, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, akajifunza kuitunza tovuti ya kwaya ya kanisa lao. Georges alimwamini hata akampa nenosiri.

Mama Providence alikuwa mwimbaji wa kwaya hiyo. Kwa hiyo siku ya kumaliza kilio ilipokaribia, Deborah alimtengenezea ukurasa kwenye tovuti, ili ndugu ambao hawakuweza kuja kulia pamoja nao watume picha zake. Picha zilikuja nyingi. Lakini mjomba Étienne wa Kolwezi alikuwa na kitu kilichopita picha: sauti ya marehemu akiimba, aliyoirekodi kwa simu. Tovuti ikaikataa. Georges alikuwa ameipanga ipokee picha peke yake, na kila picha ingoje mpaka yeye aikague.

Wiki hiyo Georges alikuwa Lubumbashi. Deborah angeweza kumpigia simu, lakini hakumpigia. Alitafuta mtandaoni akapata programu-jalizi ya bure, yaani kipande cha programu unachokichomeka kwenye tovuti ili kuiongezea kazi. Hii ilipokea faili ya aina yoyote, kutoka kwa mtu yeyote, bila kuuliza. Akaichomeka, akaondoa na ukaguzi wa Georges. Jioni ya kumaliza kilio watu waliojaa uani walimsikia Mama Providence akiimba. Kazadi alifunika uso kwa kofia yake.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema mbele ya wote.

Siku chache baadaye Jaël alichukua simu ya baba ili amsikilize mama, kama alivyokwisha kuzoea. Alipiga kelele. Deborah akaja mbio. Picha zote zilikuwa zimetoweka. Ukurasa ulikuwa mweusi tii, na katikati fuvu la mtu lilikuwa likifungua na kufunga taya. Sauti ya mama ilikuwa bado inaimba, kana kwamba inatoka kwenye lile fuvu.

Walizima simu, wakafungua ya jirani: fuvu lilelile, sauti ileile. Deborah akaufuta ukurasa na kuutengeneza upya. Kesho yake fuvu limerudi. Wanakwaya wakaacha kupita mlangoni kwao. Hata umeme ulipokatika na simu zote zikazimika, Deborah alikuwa akiusikia wimbo ule katika maji yaliyokuwa yakichemka sufuriani.

Shangazi yao, ambaye wote walimwita Tantine Clotilde, alikuwa amekuja kukaa nao wakati wa kilio na alikuwa bado hajaondoka. Yeye alikumbuka kwamba Jaël huongea na mama yake kila anapojilaza, na kwamba simu ilikuwa mikononi mwake siku fuvu lilipotokea.

"Huyu mutoto iko na kitu," akamwambia Kazadi, wala hakushusha sauti.

Alitaka Jaël apelekwe kwa mtu mmoja upande wa Buluo, aliyejigamba kwamba anaondoa uchawi kwa watoto. Kila mtu alijua namna yake: aliwanyima chakula na maji mpaka waungame. Kazadi alikataa, akabishana, akachoka, mwisho akainamisha kichwa. Ikaamuliwa mtoto aondoke keshokutwa asubuhi.

Deborah aliyasikia yote akiwa jikoni. Alijua kwamba kabla ya ile programu-jalizi hapakuwa na fuvu. Lakini baba alikuwa amemsifu mbele ya watu. Na akisema sasa, je, si watamgeukia yeye na kumwita mchawi? Akaendelea kukoroga mboga.

Kesho yake mchana alimkuta Jaël akikunja gauni lake la kanisani na kulitia ndani ya mfuko wa safari. Mtoto hakulia. Aliuliza bila kumtazama dada yake:

"Yaya, mama alinikasirikia?"

 Deborah akatoka nje, akaanza kukimbia kuelekea sokoni.

Georges alikuwa amerudi. Deborah alimweleza kila kitu akiwa amesimama, hata jinsi alivyoondoa ukaguzi wake. Georges hakumgombeza. Aliwasha kompyuta akapekua folda za tovuti, na katikati ya picha za Mama Providence akakuta faili moja yenye jina la picha. Alipoifungua ndani hamkuwa na picha. Mlikuwa na mistari na mistari ya amri.

Mmeiona zawadi yetu, wajukuu? Picha ukiipokea hukaa kimya pale ulipoiweka. Faili ya amri ikiingia, tovuti huitii kana kwamba mwenyewe ndiye anayesema. Aliyeituma anaweza kufuta, kubadilisha, na kurudi kila anapotaka. Georges aliifuta faili hiyo, akaifuta na nyingine iliyojificha, ambayo ndiyo ilikuwa ikilirudisha fuvu. Akaing'oa programu-jalizi, akabadilisha nenosiri, akairudisha tovuti kutoka kwenye nakala yake ya akiba. Kisha wakaenda nyumbani pamoja.

Tantine Clotilde hakutaka kusikia habari za kompyuta. Tangu lini mashine ikaimba kwa sauti ya mtu aliyezikwa?

"Ni sauti aliyotuma Étienne," Georges akamjibu. "Walioivamia tovuti walifuta picha, sauti wakaiacha." Akamwonyesha kwenye simu yake tovuti nyingine zilizopatwa na fuvu lilelile: shule moja ya ng'ambo, duka la viatu huko Brazili. "Tantine, huyu muuza viatu, Jaël alimuloga naye?"

Jirani mmoja akacheka. Tantine Clotilde hakucheka. Aliitazama ile picha ya duka, akavuta kiti, akakaa.

"Sasa Providence aliwakosea nini?" akauliza polepole.

"Hawamjui, Tantine. Programu zao zinazunguka mtandaoni zikijaribu milango. Mlango ukiwa wazi, zinaingia."

Kazadi akataka kujua ni nani aliyeuacha wazi. Georges hakusema. Deborah ndiye aliyesogea mbele, akasema ni yeye, na jinsi alivyofanya, na kwamba alijua tangu siku ya kwanza akaogopa.

Baba yake akavua kofia yake.

"Nilikusifu bila kuuliza," akasema, "na mwanangu mwingine nilikuwa nimekubali kumtoa bila kuuliza. Hilo ni langu. Lakini weye nawe sikia. Kitu chochote unachokiruhusu kuingia kwa watu, kikague. Usipojua, ngoja anayejua. Na ukikosea, sema siku ileile. Ulinyamaza, kosa lako likatafuta mtu wa kulibeba, na likamuona aliye mudogo kuliko wote."

Tantine Clotilde aliuchukua mfuko wa Jaël, akalitoa lile gauni, akalitundika ukutani.  Jaël mwenyewe alikuwa bado amesimama penye kizingiti, asijue kama aingie au atoke.

Deborah akapiga magoti mbele yake, akamshika mabega.

"Hapana, Jaël," akasema. "Mama hakukukasirikia."