Tyubu ya Gari Jekundu

Tairi likichomolewa msumari hutoa upepo; hilo hata watoto wa Mokowe walilijua. Kwa hiyo Fanuel alipoubana kwa koleo ule msumari uliozama kwenye tairi la gari jekundu la Bwana Kamaludin, aligeuza uso pembeni asipuliziwe vumbi, kisha akavuta. Msumari ukatoka, mrefu, wa shaba, wa pembe nne kama ile ya zamani. Hakikusikika kitu. Akaweka kiganja juu ya tundu aone kama kuna upepo, na tundu likakivuta. Lilikivuta polepole, kama mtoto mchanga anayetafuta ziwa, mpaka ngozi ikaanza kuingia ndani. Akaunyakua mkono wake na kuupangusa kwenye suruali.

"Kulikoni, fundi? Limekuuma?" Bwana Kamaludin akauliza, akacheka kile kicheko chake kilichosikika mpaka gatini.

"Hapana. Umekanyaga wapi msumari kama huu?"

"Nitajuaje? Njia yenu yote ni miiba na misumari. Labda kule kwenye gofu la nyumba ya Mwana Shee, siku ile nakuja. Niliegesha kivulini injini ipoe, nikasikia nimepanda juu ya kizingiti kibovu."

Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Kamaludin alizaliwa Amu akakulia Mombasa katika duka la baba yake, na aliponunua gari lile la michezo, la viti viwili, lililoinama chini kama sinia, hakutulia mpaka awaonyeshe shangazi zake. Akaliburura kwenye mchanga na matope, akavuka nalo mto kule Garsen, akafika nalo Mokowe ambako barabara inakomea. Gari haliendi Amu, ambacho ni kisiwa. Kwa hiyo ni shangazi waliopakiwa mashuani na mabuibui yao, wakavuka kuja kulitazama, wakasema masha Allah, wakarudi. Gari likaachwa chini ya mkanju wiki nzima, na mwenyewe alipotaka kuondoka akakuta gurudumu moja limelegea.

Fanuel alikuwa Mkisii. Aliletwa pwani na kazi ya barabara, na barabara ilipoisha yeye akabaki, akajenga banda la kuziba pancha karibu na gati, akamleta mkewe Kerubo. Binti yao Kwamboka alizaliwa hapo hapo, na sasa alikuwa ameanza kutambaa. Alikuwa mtoto mmoja baada ya mimba mbili zilizoharibika, na Fanuel alimpenda mpaka majirani wakamcheka.

Akaitoa tyubu, akaizamisha kwenye karai la maji aone povu litokako. Povu halikutoka. Akaizungusha, akaiminya, maji yakatulia tuli, na pale penye tundu likajitunga tone moja la hewa, likakaa bila kupasuka. Akalipitishia kidole. Akaikausha tyubu, akaikwaruza, akaipaka solusheni, akabandika kiraka na kukigonga. Kisha akafanya alivyofanya siku zote: akaweka mdomo kwenye valvu akaipuliza kwanza kwa pumzi yake mwenyewe, mikunjo ilegee, kabla ya kufunga pampu. Pumzi yake ilipokwisha kuingia, kitu kikamrudishia kidogo, ya uvuguvugu, yenye harufu ya udi na ya udongo uliofukuliwa. Akatema mate. Jua kali, akajiambia, na sijala tangu asubuhi.

Boneti ya gari ilikuwa imefungwa kwa kamba, maana kipini chake kilidondoka njiani. Fanuel hakupenda kuona kitu kizuri kimefungwa kwa kamba. Akauchukua ule msumari wa shaba, akaukata ncha kwa tindo, akakipiga msasa kipande kile mpaka kikaingia kwenye tundu la boneti kana kwamba kilizaliwa nalo. Kamaludin alifurahi, akampiga begani, akaondoka kwa vumbi na honi.

Kipande kilichobaki Fanuel alikitia mfukoni. Hakuwahi kutupa msumari. Kila alioutoa kwenye tairi aliunyosha kwenye kipande chake cha reli na kuupeleka nyumbani, na kuta za nyumba yake zilijaa misumari iliyokwisha kusafiri: huu umebeba sufuria, ule umebeba kofia ya kanisani. Wa shaba aliugonga upya mpaka ukapata ncha nyingine, safi, usingeweza kujua kama ulikatwa. Huo akaona umfae mtoto. Akaupigilia juu ya kitanda cha Kwamboka, akautundikia chandarua.

Magharibi ile mtoto akaanza kutoa mlio. Haukuwa wa kikohozi wala wa mafua. Ulikuwa fiii nyembamba, ya kitu kinachovuja polepole, na kila ilipotoka kifua chake kilibonyea na hakikuinuka sawasawa. Alfajiri ikakoma ghafla, mtoto akanyonya, akacheka. Magharibi iliyofuata ikaanza tena. Mganga wa zahanati alimsikiliza mchana, akasema mapafu mazima, akampa dawa ya maji. Kerubo alimwimbia nyimbo za kanisani, Fanuel akapiga magoti akaomba mpaka magoti yakafa ganzi, na fiii ile ikaendelea chini ya maombi, kila jioni ikianza mapema kidogo.

Halafu ikaja adhuhuri moja, saa ambayo Mokowe yote hulala na hata mbuzi hutafuta ukuta. Fanuel alikuwa peke yake bandani, amejinyoosha juu ya gunia, akasikia pampu yake ikifanya kazi. Akadhani ni ndoto, akafumbua jicho, akaiona pampu imesimama pale alipoiacha, mpini wake ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, bila mkono, na mpira wake ambao haukufungwa kwenye kitu chochote ukinyanyua kichwa kutoka mchangani kila mpini uliposhuka, ukiugeukia mlango, ukielekea nyumbani kwake, na ile harufu ya udi na udongo ikalijaza banda mpaka ikamkaa kooni, naye akataka kulitaja jina la Yesu akakuta hana pumzi ya kulitajia. Alipoipata alikimbia. Alimkuta Kwamboka mikononi mwa mama yake, midomo imeingia rangi ya zambarau, mchana kweupe.

Bi Nur ndiye aliyeujua ule msumari. Alikuwa jirani, mama wa Kiamu aliyewapikia mabaharia hapo gatini, na aliposikia kilio aliingia bila kubisha. Alimwinamia mtoto, akanusa, akainua macho kwenye chandarua. Sauti yake ikashuka.

"Kerubo, mwanangu. Msumari ule mumeutoa wapi?"

Fanuel akamweleza habari ya tairi na gofu.

"Ya Rabi. Hilo ni zindiko la Mwana Shee. Lilipigwa kizingitini kufunga kitu kilichokuwa kikinywa pumzi za wana wa ndia ile. Watu wa nti hii hata kuku wao hawapiti pale. Nawe umeuleta ukautia yuu ya kitwa cha mtoto!"

"Sisi si Waislamu, Bi Nur," Fanuel akanong'ona.

"Mtoto anakufa, Baba Kwamboka," Kerubo akasema, "na wewe unaniambia dini."

Mashua ikatumwa Amu kumwita msomi wa Kurani. Mwalimu Muhdhar alifika baada ya alasiri, mtu mfupi, mpole, mwenye kitambaa cheupe begani, akafukiza ubani, akasoma, akaandika kombe, aya za Kurani sahanini, kwa zafarani akalifuta kwa maji ya mawaridi, na Kerubo akamdondoshea mtoto mdomoni. Kisha akaung'oa msumari, akaulaza kiganjani.

"Ndoo, Bwana Fanuel, keti tini," akamwita kwa mkono, akimwonyesha mkeka. "Tairi lile ulilipuliza kwa mdomo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo kazi yetu."

"Basi kitu kile kimeijua pumzi yako, na chaifuata kwa damu yako, kwa mwanao. Si kosa lako, hukujua. Utaurudisha kizingitini kwa mkono wako mwenyewe, nami nitasoma. Lakini nambia jambo moya. Msumari ulipigwa mzima, na hufunga ukiwa mzima. Hunu ni mzima?"

Fanuel aliutazama msumari. Ncha aliyoitengeneza ilimeta vizuri. Akawaza: gari liko Mombasa. Nikisema, ataniambia nikakitafute kipande, na mtoto hafiki kesho. Akawaza pia kwamba kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kidole, na shaba ni shaba. Kerubo alikuwa akimtazama. Bi Nur naye akasema taratibu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mzima, Mwalimu," Fanuel akasema.

Walifika gofuni jua likizama. Kizingiti kilikuwa kimepinduka kwenye majani, tundu la msumari likiwa wazi. Wakakigeuza. Mwalimu alisoma, na Fanuel alipopiga pigo la kwanza ardhi iliguna chini ya magoti yake, na pigo la pili akahisi kitu kikimpumulia shingoni kwa haraka, kwa hofu, kikimsihi kwa sauti iliyofanana na ya Kwamboka anapotaka kubebwa, naye akalia, akapiga, akapiga, machozi yakimziba macho, mpaka kichwa cha shaba kikalala sawa na mti. Pakawa kimya. Aliporudi nyumbani Kwamboka alikuwa amelala, kifua kikipanda na kushuka bila mlio. Kerubo alimshika mumewe mkono usiku kucha.

Wakapata amani. Kwamboka akanenepa, akasimama, akaanza kushika ukuta. Fanuel alikaribia kusahau kwamba alisema uongo. Kisha jioni moja fiii ikarudi.

Siku ya tatu yake gari jekundu likaja Mokowe, polepole, boneti imefungwa kwa kamba. Kamaludin akashuka. Alikuwa amekonda, na kile kicheko hakikuwapo.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "tyubu yako nimekuletea. Siitaki tena."

"Imefanya nini, Bwana?"

"Tangu ulipoitia kiraka ilikuwa ikilegea kila magharibi. Kila alfajiri naijaza. Nikatia mpya, ikapasuka, nyingine, ikapasuka. Hii tu ndiyo iliyokubali kukaa. Halafu ikaacha yenyewe, wiki nyingi haikupungua hata kidogo, nikasema nimepona. Sasa imeanza upya." Akamkaribia. "Na usiku, fundi, garini mwangu mna mtoto analia."

Fanuel akakumbuka. Alfajiri zile. Kila alfajiri Kwamboka alipochangamka, kumbe kulikuwa na mtu Mombasa ameinama juu ya pampu.

"Imeanza lini upya?"

"Juzi. Nilikuwa nakuja kwa shangazi zangu; tulipokuwa tukivuka Garsen, kivuko kikagonga ukingo, boneti ikafunguka. Kile kipini chako kizuri kikaruka mtoni. Nilikisikia kikiingia majini."

Nyuma yao hatua zilisikika. Kerubo alikuwa amesimama na mtoto begani, na alikuwa amesikia. Alitazama kamba kwenye boneti, akamtazama mumewe.

"Mwalimu alikuuliza," akasema.

Jua lilikuwa likitua nyuma ya mikanju, na fiii ya mtoto ikaanza, na kutoka kwenye gurudumu la gari jekundu ikaanza nyingine sawa nayo, zikashuka pamoja, moja kwenye mchanga na moja begani mwa mama yake, tairi likizidi kulala na kichwa cha Kwamboka kikizidi kulegea, mpaka Fanuel akaruka akaikamata pampu, akaifunga kwenye valvu, akasukuma, akasukuma. Tairi likainuka. Kwamboka akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho.

Kamaludin aliondoka kwa gurudumu la akiba, bila kugeuka. Waliitoa tyubu tairini wakaipeleka nyumbani, wakaitundika juu ya kitanda, kwenye msumari mwingine ulionyoshwa. Mwalimu Muhdhar aliitwa tena. Alisikiliza yote mara hii, akafunika uso kwa kitambaa chake, akasema msumari ulifunga maadamu kipande kile kilikuwa bado kimeshika mahali, na mto haurudishi. Aliwasomea, akawaonea huruma, akavuka kwenda zake.

Wakawa wanapokezana. Kerubo hakumlaumu kwa maneno. Usiku alimtoa mpini mkononi na kusema, "Lala. Nitakuamsha ikilegea."

Fanuel alilala chali gizani, akisikiliza. Aliisikia pumzi ya mtoto, ikienda sambamba na mpira mweusi uliotundikwa juu yake. Aliisikia ya mkewe, nzito kwa uchovu. Aliisikia yake. Hizo tatu akazitambua moja moja, akashukuru Mungu kwa kila moja. Kisha akaizuia yake, apate kusikia vizuri, na zikabaki tatu.